Jina la Mwisho kwenye Menyu

Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho saa sita mchana, jina la chini kabisa kwenye menyu ya majina ya familia, katika kompyuta ya nyumbani, hufutwa. Aliye hai huchukuliwa na gari, asirudi. Marehemu hufutwa sauti yake iliyohifadhiwa humo.

Mwaka huu niliweka chini jina la marehemu mume wangu, Shaweji. Lakini kila nikitoka kazini nakuta la mama yake, Bi Salha, ndilo la mwisho. Nikazima kompyuta, nikaiwasha, nikabadilisha mpangilio. Wapi!

Leo nimefungua rekodi ya mabadiliko. Anayelishusha ni Bi Salha mwenyewe.

“Mama, unataka wakuchukue?”

“Mwanangu Shaweji nimeshamzika mara moja. Inatosha.”

Zimebaki dakika mbili. Nikashika kipanya nipandishe jina la Mama.

“Habari za tangu asubuhi, mke wangu?” Shaweji akauliza kwenye spika.

Sikubofya. Nje, gari likapiga honi.