Mlima wa Mchele

Kisiwani kwao hakuna aliyesema kulia wala kushoto. Kila kitu, hata kijiko jamvini, kilikuwa upande wa mlima au upande wa bahari.

"Kikombe chako cha kahawa kiko upande wa mlima," Bi Raziki alimwambia mumewe, Faki, aliyepofuka baada ya Ramadhani.

Faki akanyoosha mkono upande wa bahari, akapapasa jamvi tupu.

"Mlima umenipotea, Raziki," alisema.

Bi Raziki aliuvuta ungo wa mchele aliokuwa akiuchagua, akauweka kati yao. Akaukusanya mchele upande ule ule ulipo mlima wenyewe, akatoboa shimo kileleni kwa kidole, na ukingoni mwa ungo akasimamisha karafuu. Kisha akaushika mkono wa mumewe.

"Haya, panda."

Faki akapanda taratibu. "Hili ziwa la juu," alisema kidole kilipotumbukia. Akateremka hadi ukingoni, akaigusa karafuu, akanusa kidole, akacheka. "Mnara wa taa! Lini ulinukia hivi?" Akakirudisha kidole kwenye mchele. "Na kwetu wapi?"

Nyumba yao Bi Raziki alikuwa amesahau kuiweka. Akatazama huku na huku, kisha akakiweka kidole chake mwenyewe kwenye mchele, chini ya mlima.

"Itafute," alisema.

Kidole cha Faki kikapanda tena, kikasita ziwani, kikaanza kuteremka kikiacha njia nyembamba kwenye mchele. Kahawa ilikuwa ikipoa upande wa mlima. Bi Raziki hakukisogeza kidole chake.