Tendegu la Upande wa Baba

Shaweji alipofunga mota ya kuzungusha mti kwenye mashine ya kuchonga aliyojiundia, alitaka kitu kimoja tu: tendegu, mguu wa kitanda cha mama yake, badala ya lililoliwa na mchwa. Alinakili vipimo vya tendegu lililosalia upande wa pili, akawasha. Mistari ya nakshi ikajipinda kushoto badala ya kulia. Akageuza nyaya za mota, akarudia, kushoto tena. Akazichomoa nyaya kwa hasira.

“Mashine hii ina wazimu, mama. Inapinda kinyume.”

Bi Sauda alilipangusa vumbi tendegu jipya, akalipapasa polepole.

“Upande wangu marehemu baba yako alikereza kulia, upande wake kushoto, ili matendegu yatazamane. Nani kakwambia lililoliwa ni la upande wake?”

Shaweji alizitazama nyaya mkononi mwake, kisha mota. Ilikuwa bado inazunguka.