Cherehani Isiyo na Uzi

"Wafukuze leo hii, Bi Mwanahawa! Huo muziki au bati linaburutwa?" jirani yake, Chausiku, alifoka.

"Nyumba yangu, nitawafukuza mwenyewe," alijibu, akasukuma mlango wa wapangaji wake, vijana wa bendi ya roki.

Gitaa la umeme lilikuwa likinguruma. Badala ya ngoma, msichana alikanyaga cherehani isiyo na uzi, kipaza sauti kimefungwa karibu na sindano.

Bi Mwanahawa aliitambua. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Aliigawa siku ya arobaini ili asiisikie tena.

Walipomwona, vijana waliacha kupiga.

"Mwenyewe hakuikimbiza hivyo," alisema Bi Mwanahawa. "Akifika kwenye pindo alipunguza mwendo."

Msichana akaanza upya, polepole. Gitaa likamfuata. Bi Mwanahawa akaketi mkekani, ushungi usoni.

Walipomaliza, msichana alimletea maji ya kunawa.

"Karibu tule, mama."