Kurasa Zilizoshikana

Mwalimu Mwanate alikuwa akipanga vitabu katika maktaba ya shule, maktaba aliyoihangaikia miaka sita, pale Salha wa kidato cha pili alipomrudishia riwaya aliyoazima jana.

"Kizuri?"

"Sijui, mwalimu. Kuanzia ukurasa wa arobaini kurasa zimeshikana. Kiwandani hawakuzikata."

Mwalimu akachomoa kadi nyuma ya jalada. Wanafunzi kumi na tisa walikwisha kukiazima kabla ya Salha, na kila mmoja alimwapia kuwa amekimaliza, kitamu ajabu. Akatafuta wembe wa kuzikatia zile kurasa.

"Acha tu, mwalimu. Wenzangu walinishauri niseme kizuri, eti huwa huulizi zaidi."

Binti akaenda zake. Mwalimu akabaki na wembe mkononi, akilitazama jina la kwanza kabisa kwenye ile kadi. Lilikuwa lake.