Wezi wa Taa

Asubuhi ile kompyuta ya kampuni ya sola, ofisini mjini Mpemba, iliwaka nyekundu, na wekundu wote ulikuwa kijijini kwao Asajile.

Aliangalia mara ya pili akidhani macho yanamdanganya. Karibu nyumba zote za kitongoji chao, kule milimani Ileje, maboksi ya betri yalikuwa yamechomolewa kwenye paneli za sola jana yake jioni. Tena taa zake ziliwaka mpaka kukakucha. Na mkulima gani wa Ileje anawasha taa mpaka kunakucha?

Kompyuta haikuwa na kawaida ya kukosea. Kila boksi lilikuwa na laini ya simu ndani, likituma habari zake ofisini, na Asajile mwenyewe ndiye aliyeifundisha kompyuta tabia za kila nyumba: huyu hulala mapema, yule hapitwi na taarifa ya habari redioni. Maboksi ya kijiji cha Chapwa yalipoibwa na kuuzwa Zambia, akaifundisha na dalili za wizi. Boksi likitengana na paneli yake, kisha likawashwa usiku kucha, basi hilo limeibwa, na mnunuzi analijaribu.

Nyumba moja tu ilikuwa na boksi lake mahali pake, nayo ni ya mama yake. Lakini hata hapo taa ilikesha.

"Maskini mama," Asajile alisema. "Amekesha peke yake kwa kuogopa wezi."

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Mama yule alizima simu kutunza chaji hata baada ya kuletewa umeme wa jua hadi juu ya bati lake, na mwanawe alikwisha kuchoka kumwambia.

Nyumba moja ikiibiwa, ni wizi. Kitongoji kizima kikiibiwa siku moja, hiyo ni biashara. Asajile aliona yote kama yupo: wanakijiji wenyewe wameyakusanya wayavushe Mto Songwe, wakayauze Malawi, kisha walie kwamba wameibiwa. Na yeye ndiye aliyewadhamini kwa kampuni! "Wale ni ndugu zangu," alisema siku ile, "nawajua." Kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Hakumuuliza mtu. Alibonyeza kitufe hapo hapo Mpemba, na maboksi yote yaliyochomolewa yakafungwa, yasiwake tena popote yatakapopelekwa.

Mchana baba yake mdogo, Timotheo, akapiga simu. Asajile, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumwamkia.

"Maboksi yako wapi, baba?"

"Yapo. Tumeyaweka pamoja. Ila tumeyajaribu, hayawaki."

"Pamoja kwa nani?"

"Mwanangu, mambo haya si ya kwenye simu. Njoo nyumbani leo."

"Si useme tu!"

"Njoo. Ila usije peke yako. Uje na mwenzako."

Asajile alikata simu. "Umesikia?" alimwambia Abdul, dereva wa kampuni. "Eti nisiende peke yangu. Wamejipanga hao."

"Basi tupitie kwa mgambo, kaka," alisema Abdul. "Tusije tukapigwa bure."

Wakampakia mgambo na rungu lake. Barabara ya Isongole ilikuwa imelowa na mvua, gari likipanda huku linateleza, na njia nzima Asajile alikuwa akipanga maneno. Angeanza na Timotheo. Angemuuliza mbele ya watu, yeye aliyemlea tangu baba alipofariki, aibu ameiweka wapi. Machozi yakamlenga, akageukia dirishani Abdul asimwone. Mgeni akikuibia utamtukana na utasahau. Aliyekulea utamtukanaje?

Walifika jua likizama. Milango imefungwa. Paneli zipo juu ya mabati, nyaya zinaning'inia. Kwa Timotheo hapakuwa na mtu, hata mbwa hakubweka.

"Wameshakimbia," alisema mgambo.

"Mama atakuwepo. Yeye atatuambia wameelekea wapi."

Asajile akatangulia kwa miguu, na mgambo akafuata na rungu begani. Walipozunguka migomba, Asajile alisimama ghafla.

Hakuna aliyekimbia. Kitongoji kizima kilikuwa uani kwa mama yake, wanaume juu ya magogo, wanawake chini kwenye mikeka. Mbele ya mlango maboksi yote yalikuwa yamepangwa, kila moja na taa yake, na hakuna hata moja iliyowaka. Mwanga ulikuwa ndani tu, wa boksi la mama yake. Watu walimtazama Asajile, wakamtazama mgambo, kisha wakamsogezea mgambo nafasi akae. Waliona ndiye yule mwenzake.

Timotheo aliinuka, akamshika Asajile mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Jana tulimkeshea mama yako kwenye mwanga," alisema. "Leo taa zimetukatalia."