Kumpandishia Mzee Sumuni

Mzee alizitazama karata zake tano, akakuna kidevu, akaweka sumuni juu ya kreti. Sumuni tu. Hakupandisha dau, hakutupa karata.

"Tena?" dereva wa lori akacheka. "Mzee, wewe huna bei nyingine?"

"Hiyo inanitosha."

Oriokot hakucheka. Siku ya tatu sasa alikuwa akimsoma mzee huyu, ambaye pale Malaba hakuna aliyemjua na wote walishambandika jina la Mzee Sumuni. Oriokot alikuwa askari wa KAR, jeshi la Mwingereza, kule Nanyuki, na Uhuru ulipokuja alirudi nyumbani na vitu viwili: baiskeli, na mchezo wa poka. Sajini aliyemfundisha alimwambia hivi: mtu anayeingia kila mara kwa bei ya chini hana kitu mkononi. Ukimpandishia ataona haya kukimbia. Atakufuata mpaka shimoni.

Na Mzee Sumuni alikuwa na ng'ombe. Jike jekundu, limenona, siku tatu analifunga hapo nyuma ya hoteli ya Jamiru, wanapochezea, anasema analipeleka mnadani, na mnadani hafiki. Jioni analikokota kurudi alikotoka.

Ng'ombe! Ee Mungu, katika mali zote za dunia hii, ng'ombe! Oriokot alibakiza mmoja tu wa mahari. Mzee Emuron wa Kocholia alitaja ng'ombe sita kwa binti yake Anyait, akawataja mbele ya ukoo mzima, wazee wakiwa na mirija ya pombe mdomoni. Neno lililosemwa kwenye chungu cha pombe halipunguzwi, hata mwenyewe akilijutia. Watano walishakwenda. Wa sita asipofika Jumamosi, Anyait angepewa karani mmoja wa Matayos mwenye suruali iliyonyooshwa pasi. Watu walisema binti hali, halali, na mama yake naye amegoma kupika.

Leo ilikuwa Ijumaa.

Cha kuwekea dau alikuwa nacho kimoja: ile baiskeli, aliyovushia watu na mizigo yao kati ya kizuizi cha Kenya na kile cha Uganda. Ikienda hiyo, ugali utatoka wapi?

Jamiru alileta chai, katoka msikitini sasa hivi. Kamari ni haramu, aliwaambia kila siku, lakini chai si haramu, na wacheza kamari wanakunywa sana. Akamwinamia Oriokot sikioni. "Ndugu yangu, chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Oriokot akamtazama kwa hasira. Rahisi kusema, wewe mwenye hoteli.

"Umeoa, kijana?" mzee akauliza.

"Bado ng'ombe mmoja."

"Na ukimpata?"

"Hata kesho, mzee. Kesho asubuhi."

Mzee akaguna, akarudi kwenye karata zake.

Oriokot naye akachungulia zake. Tisa mbili. Basi! Tisa mbili na takataka tatu. Juzi alishika wafalme watatu, akaogopa. Jana alishika malkia wawili na saba mbili, akajiambia subiri kidogo, akaogopa. Leo siku ya mwisho, tisa mbili! Jamani, bahati ina dharau.

"Napandisha," akasema. "Baiskeli yangu."

Madereva wawili wakatupa karata zao papo hapo. Mzee akaitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kisha akamtazama ng'ombe wake.

"Haya. Ng'ombe."

Oriokot akalaza tisa zake. Mzee akaziangalia, akaangalia za kwake mwenyewe kwa muda, akazifunika, akazichanganya na zile zilizotupwa. Hakuna aliyeziona.

"Umeniweza, mwanangu," akasema, akaagiza chai nyingine.

Oriokot nusura alie kwa furaha. Alimwonea mzee huruma, si haba, mpaka alipokuwa anafungua kamba ya ng'ombe. Hapo akajikumbusha kuwa wajinga ndio waliwao, huruma ikamwisha.

Kesho yake asubuhi yeye na baba yake mdogo, Opolot, walishika njia ya Kocholia. Opolot ndiye aliyekwenda kwa mazungumzo yote ya posa. Oriokot, kama ilivyo desturi, alibaki nyumbani, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga kwa wakwe. Ng'ombe hakuhitaji fimbo. Alitangulia mbele, na kila penye njia panda alikata kona kabla yao.

"Huyu ana akili," Opolot akasema.

"Kumla mtu dhaifu, baba," Oriokot akaeleza kwa mara ya nne, "ni kujua tu saa ya kupandisha. Ukiwahi anashtuka. Mimi nilimngoja. Nilimwivisha kwanza kichwani."

Walipofika, akina mama walipiga vigelegele. Anyait alichungulia mlangoni akicheka na kulia. Ng'ombe akavuta kamba ikamchomoka Oriokot mkononi, akaingia zizini peke yake, na ndama mwekundu akaja mbio akadaka chuchu. Mzee Emuron akakohoa, akageukia ukoo wake.

"Sita," akatangaza kwa sauti kubwa. "Wametimia."

Kando yake, mwanamume mmoja akainuka taratibu kutoka kwenye kigoda anachokalia kaka wa baba wa binti, huku akisugua magoti.

"Karibu, mkwe," akasema Mzee Sumuni. "Ila umenichosha. Siku tatu nakungoja upandishe!"