Sura ya Mtu wa Barabara ya Mtoni

"Macho yaachanishe kidogo," alisema yule mama. "Umeyabana."

Lowell Hruska alifuta kwa kidole, akachora upya. Kwa miaka ishirini na miwili, kila kiangazi, alikaa pale pale chini ya turubai lake, kwenye majani mbele ya maktaba ya chuo, akichora sura za watu kwa mkaa siku zote tatu za tamasha. Wanafunzi walikuwa likizo na mji umebaki na wenyewe. Nao walishajaa na viti vyao vya kukunja, wakitafuna mahindi yenye siagi, wakingoja muziki wa saa kumi na moja. Joto la jimbo la Iowa liliwalowesha hata waliokaa kivulini.

Kuchora mtu asiyekuwepo hakukuwa jambo geni kwake. Wajane walimjia, na wazazi waliofiwa pia.

"Ni mumeo?" aliuliza kwa upole.

"Hapana."

Akaacha kuuliza. Msiba hauulizwi mara mbili.

"Paji la uso?"

"Pana. Nywele zinaangukia upande huu." Mama aligusa paji lake mwenyewe. "Na kuna kovu, dogo tu, linakata unyusi wa kushoto."

Lowell alilichora kwa mkupuo mmoja.

"Hapo hapo," alisema mama. "Una mkono mwepesi."

Bev, mfinyanzi wa kibanda cha pili, alipaza sauti akiwa katikati ya vyungu vyake. "Wewe Lowell! Toby wako yuko wapi? Wenzake wanajaribu vyombo vya muziki, kiti cha tarumbeta kitupu!"

"Atakuja tu. Huyo hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili!"

Bev akacheka. Yule mama hakucheka.

"Una mtoto mmoja?"

"Huyo huyo. Ana miaka ishirini na minne. Mama yake alipofariki tukabaki wawili, tunapikiana na kugombana." Alitabasamu. "Na wewe, mama?"

"Nilikuwa naye mmoja. Kayla. Ndiye aliyegongwa akiwa kwenye baiskeli mwezi wa tano, Barabara ya Mtoni."

Lowell alivua kofia. Hakuna asiyelijua jambo lile. Kila mtu alipita pale penye maua yaliyofungwa kwenye chuma cha ukingo wa barabara, na kila mtu alimlaani dereva.

"Pole sana. Mji mzima ulilia."

"Nilikuwa nyuma yake na baiskeli yangu. Huyu unayemchora alishuka kwenye gari. Akamwinamia mwanangu. Akaniangalia mimi. Halafu akapanda gari lake akaenda zake. Kayla alikuwa bado anapumua."

Mkaa ulisimama. Lowell aliitazama karatasi kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Yale macho. Lile paji. Lile kovu, ambalo damu yake aliwahi kuizuia kwa kiganja chake mwenyewe, siku mwanawe wa miaka sita alipoteleza kwenye ngazi zenye barafu. Akakumbuka mwezi wa tano, Toby akirudi nyumbani taa ya gari imevunjika, uso umemsawajika, akisema amegonga kulungu. Akakumbuka ni mikono yake mwenyewe iliyomshikia taa mpya akiifunga.

"Bado mdomo na kidevu," alisema mama. "Mdomo wa juu mwembamba. Kidevu kimegawanyika katikati."

Miaka yote ile alijisifia jambo moja tu: hakuwahi kumpendezesha mtu kuliko alivyo. Hata meya alimchora na mashavu yake yaliyolegea, meya akanuna mwaka mzima.

Akachora mdomo mnene. Akachora kidevu cha mviringo. Pua akaitanua kidogo huku na kidogo huku. Halafu akajifuta jasho na, kama aliyepitiwa, akalaza kiganja juu ya unyusi wa kushoto. Kovu likageuka kivuli.

"Samahani. Joto hili."

"Si kitu. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mama hakunyoosha mkono kuipokea. "Itazame tena. Kama kuna la kurekebisha, rekebisha. Mimi sina haraka."

Jukwaani walianza kupiga bila tarumbeta. Watu wakapiga makofi. Lowell aliitazama karatasi, na kijana asiyemjua akamtazama kutoka humo. Bado angeweza. Mistari minne tu, mitano.

"Ndivyo ulivyonieleza," alisema. "Hakuna la kurekebisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Ndipo akaipokea. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja mara mbili taratibu, mkaa ukimchafua vidole, akaitia mkobani.

"Sikuja kutafuta sura, Bwana Hruska. Sura ninayo. Mwanao amejipeleka polisi mwenyewe leo asubuhi, na hakutaka upigiwe simu. Nimetoka huko nikaja hapa. Nilimuuliza ni nani aliyekuwa akimficha, akaniapia huku analia kwamba hakuna, kwamba wewe ungejua, ungemshika mkono ukampeleka siku ile ile." Akasimama, akajipangusa vidole. "Nikataka nimwone baba wa namna hiyo."